Kobla ya Mzee Anaeli

Wajukuu zangu, jambo la kwanza: acheni kuniletea asali.

Najua mnanipenda. Najua mliposikia babu yenu amepimwa na kukutwa na ugonjwa wa sukari mliitana, mkanong'onezana hapo barazani mkidhani sisikii, kisha mkaja na chupa kubwa ya asali mbichi. "Babu, sukari ya dukani achana nayo. Tumia hii, hii ni dawa." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nanyi mkafurahi kwamba mzee amependa zawadi. Sikuwa nacheka zawadi. Nilikuwa namkumbuka mtu niliyempenda kuliko nilivyompenda baba yangu mzazi, Mungu anisamehe, ambaye nusura nimuue kwa mkono wangu huu huu, kijiko kimoja cha asali baada ya kingine. Basi kaeni. Anayetaka kwenda kusikiliza mpira redioni aondoke sasa, asije akanikatisha katikati.

Mnajua nilikuwa mpishi. Mnachojua hapo ni kwamba babu hula chakula cha harusi huku akinung'unika. Kazi yenyewe, jinsi nilivyoipata na nani aliyenifundisha, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilianza enzi za Mwingereza, nikiwa nimeshaoa na nina mtoto mmoja, katika nyumba ya mlowezi wa kahawa juu kidogo ya Kijenge. Mwenye nyumba tulimwita Bwana, mkewe Memsaab, ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Jiko lilikuwa nje, nyuma ya nyumba kubwa, lenye bomba la moshi lililopinda na mlango usiofungika vizuri. Na humo jikoni Bwana hakuwa bwana. Humo alitawala Mzee Anaeli.

Mzee Anaeli alikuwa Mmeru wa Kikwe, kama mimi. Mkewe alishafariki, binti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu la Kilutheri, na siku sita zilizobaki aliimba pale pale jikoni. Alikuwa mrefu hata ilimbidi ainame kila alipopita mlangoni, na kila alipoinama aliulaani mlango. Alikuwa na hukumu mbili tu. Ukimpa chakula aonje, ama atasema, "Ipeleke mezani," ama atasema, "Ya kuku." Hakuna ya tatu. Miezi minne ya kwanza kuku wa nyumba ile walinenepa kwa jasho langu.

Hebu niwaambie kobla ni nini, maana najua mnatikisa vichwa tu. Ni chakula cha kizungu cha kumalizia mlo. Unaweka matunda chini kwenye bakuli la kuoka, juu yake unadondosha mafungu ya unga uliokandwa laini, kisha unaingiza kwenye oveni. Matunda yanachemka na kupanda juu, unga unaumuka, na kati ya fungu na fungu mchuzi wa matunda unachungulia. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na miti ya plamu na mapera, na Bwana alipenda kobla kuliko alivyopenda kahawa yake mwenyewe. Mara ya kwanza kupika, nilisukuma unga nikaufanya shuka moja nzito, nikafunika matunda yote pembe hadi pembe. Nilijiona fundi. Mzee Anaeli akalitazama bakuli, akavua kofia.

"Umeyazika," akasema. "Na sala hukufanya."

Kuku wakala.

Lakini alinifundisha, jamani. Alinifundisha kupima moto wa oveni kwa mkono. Unauingiza mkono mtupu, unahesabu. Ukiutoa kabla ya kufika tano, utaunguza. Ukifika kumi na mbili na bado unapiga soga, moto umelala. Kobla inataka nane. Alinifundisha kwamba kuni za mti wa kahawa uliopogolewa zina moto wa haraka, na ukizitumia peke yake unga utaiva nje na kubaki mbichi ndani. Saa ya jikoni ilishakufa kabla sijafika, kwa hiyo muda aliupima kwa wimbo. Kulikuwa na wimbo wa kanisani wa beti sita ambao aliuimba kwa mwendo wa mazishi. Aliuimba mara tano, akaurudia ubeti wa mwisho, ndipo akafungua mlango wa oveni. Haikukosea hata siku moja. Memsaab akisikia ubeti ule unarudiwa aliwaambia wageni waende kunawa mikono.

Sisi tulikula hapo hapo jikoni, kwenye makasha ya mbao yaliyogeuzwa chini juu, sahani magotini. Mzee Anaeli alikuwa ametandika meza ya nyumba kubwa kwa zaidi ya miaka ishirini, uma kushoto, kisu kulia, kitambaa kimekunjwa pembe tatu, na hakuwahi kuketi mbele ya meza ile hata siku moja. Silalamiki. Naeleza tu, kwa sababu mtahitaji kulijua hilo baadaye.

Sasa Bwana akaugua. Akawa anakonda, anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na macho yakaanza kumdanganya. Daktari akasema ni ugonjwa wa sukari. Wakati ule sijawahi kuusikia. Akaandikiwa sindano, na Memsaab akapewa kazi ya kumpima mkojo kila asubuhi. Ninyi leo mnatobolewa kidole kidogo tu, mnalia. Enzi zile palikuwa na maji ya buluu ndani ya chupa. Ukiweka kidogo kwenye kichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Maji yakibaki buluu, salama. Yakigeuka kijani, sukari kidogo. Manjano, imezidi. Yakiwa mekundu kama tofali, ole wako.

Memsaab mikono ilimtetemeka kwa woga, kwa hiyo kushika kichupa juu ya moto ikawa kazi yangu. Mzee Anaeli alikataa katakata jambo lile lifanyike jikoni kwake.

"Nimepika humu miaka yote hii," akasema, "sijapika mkojo wa mtu, na sitaanza na wa mzungu."

Basi tukafanyia varandani. Na nikagundua kitu kimoja kilichonikosesha raha. Kila nilichopika jana kilikuja kunishtaki asubuhi, kwa rangi. Nyama na mboga, buluu. Viazi vingi, kijani. Mpishi gani duniani amewahi kusahihishiwa kazi yake namna hiyo? Nilikuwa naamka nikiwaza mkojo wa Bwana kabla sijamwaza mke wangu.

Memsaab akaja jikoni na amri: sukari marufuku. Bwana alikubali yote isipokuwa kobla. Bwana alilia, wajukuu zangu, mtu mzima mwenye masharubu, analilia plamu. Mimi na Mzee Anaeli tukatazamana. Wazo lilitujia wote wawili kwa pamoja, wala hatukuhitaji kusema.

Mnajua bibi yenu ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, na kaka zake wote ni warina asali. Kwao huozwi mke bila asali. Mwanamke akijifungua, asali. Mtoto akikohoa, asali. Mzee akibariki, asali haikosekani. Sukari ni unga mweupe uliokuja na wageni kwenye magunia. Asali ni dawa, imetoka mtini, Mungu mwenyewe ameitia huko. Nani angeweza kudhani ni kitu kimoja? Tukatengeneza kobla ya plamu, tukaimiminia asali ya shemeji yangu kikombe kizima na nusu, tukaipeleka mezani. Bwana alikula bakuli zima. Akatutumia salamu za shukrani jikoni, na Mzee Anaeli akajikohoza kwa majivuno.

Asubuhi nikakishika kichupa juu ya moto. Sikungoja hata kidogo. Kijani, manjano, machungwa, tofali. Bwana mwenyewe hakuamka vizuri siku ile. Daktari aliitwa, na siku mbili nzima hakutoka kitandani.

Memsaab alikuja jikoni akakaa kwenye kizingiti, na hakuwahi kukaa pale.

"Elisante, uliweka nini?"

"Asali, Memsaab. Sukari hata chembe sikugusa. Naapa."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba asali ni sukari. Kwamba mwilini zote ni moja. Kwamba ndizi mbivu ni sukari na pombe ya ndizi ni sukari. Mzee Anaeli alikuwa amempa mgongo, anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa kinaendelea upande wa pili. Kwa miezi kadhaa Mzee Anaeli naye alikuwa anapungua. Shati lilianza kumpwaya shingoni. Ndoo ya maji ya kunywa, ambayo ilitutosha siku nzima, ikawa inaisha kabla ya adhuhuri. Na wimbo ukaharibika. Alikuwa anafika ubeti wa nne, anaukata, anatoka mbio kwenda chooni, akirudi hakumbuki alikuwa ameimba mara ngapi. Kobla mbili ziliungua kwa sababu hiyo. Watu wa Kikwe walisema amechezewa na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Yeye alisema ni uzee. Na mimi mnadhani nilifanya nini? Nilimpenda. Nilimletea asali. Kila baada ya wiki mbili nilimtuma shemeji, analeta kibuyu, na mimi mwenyewe nilimkorogea Mzee kwenye maziwa ya moto, asubuhi, mchana na jioni. "Kunywa, Mzee, upate nguvu." Kadiri alivyokonda ndivyo nilivyozidisha vijiko.

Memsaab alipoondoka pale kizingitini, nilikuwa nimesimama nimeshika mwiko. Nikaiona ndoo ya maji, tupu. Nikakiona kibuyu juu ya rafu. Halafu nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiona na sikukitilia maanani: sisimizi. Kule chooni kwetu, tangu majuma mengi, sisimizi walikuwa wanapanga foleni, kama pamemwagika sukari. Mungu wangu. Nilitoka nje nikaenda kuwatazama tena.

Nilirudi nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa pupa, nikilia.

"Mzee, unaumwa kama Bwana. Na ninayekuua ni mimi."

Aliniangalia kutoka juu huko. "Unataka kusema nimerogwa na nyuki?"

"Nataka upimwe, Mzee. Mkojo kidogo tu."

Weee! Hamjawahi kuona mtu kakasirika. Kwamba mimi, niliyekuja hapa sijui kumenya karoti, leo nataka kuchemsha mkojo wake? Kwamba ugonjwa ule ni wa watu wanaokula keki saa kumi, yeye keki huiona tu ikipita? Akachukua kibuyu, akajimiminia asali kwenye kikombe mbele yangu, akanywa yote akinikazia macho. Kisha siku nne hakunisemesha. Alikuwa akitaka chumvi, anaiambia chumvi yenyewe.

Siku ya tano alianguka. Hakuanguka kwa kishindo. Alikuwa ameinama afungue oveni, akakaa chini polepole, na akabaki pale. Nikamshika. Alikuwa mwepesi, wajukuu zangu, mtu mrefu namna ile, nilimwinua kama ninavyowainua ninyi. Nikampa maji, nikamkalisha kwenye kasha, nami nikapiga magoti mbele yake.

"Mzee, ukifa, mimi nani ataniambia ya kuku?"

Akasema, "Kesho."

Kesho yake asubuhi aliingia kwa kuinama mlangoni kama kawaida, na hakuulaani. Alikuwa amebeba trei. Juu ya trei kitambaa cheupe, juu ya kitambaa kikombe kimefunikwa kisahani, mpini umeelekezwa kulia. Hata mkojo wake mwenyewe aliuandaa kama chai ya wageni. Nikaenda kumwomba Memsaab maji ya buluu. Nilidhani atakataa, akaja mwenyewe na taa. Mzee Anaeli akasema, kwa siku hiyo, ifanyike jikoni.

Rangi haikusita popote. Tofali.

Mzee Anaeli akainama, akakitazama kichupa mkononi mwangu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ya kuku," akasema.

Memsaab akageuka ukutani akafuta macho.

Alipelekwa hospitali ya serikali. Daktari akamwambia kwa umri wake waanze na chakula, na chakula kisipotosha itakuja sindano. Sukari, asali, ndizi mbivu, pombe, vyote basi. Mzee alirudi jikoni akafungua apron, kile kitambaa cha mpishi cha kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Nikamwuliza unakwenda wapi.

"Nyumbani. Mpishi asiyeonja ni nini? Ni mtu anayesimama karibu na moto."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Huko Kikwe alikuwa na nyumba tupu, migomba, na majirani wenye mbege, ile pombe ya ndizi, na huruma. Kwa mwezi mmoja tu wangemmaliza kwa kumpenda, kama mimi nilivyotaka kummaliza. Nikaichukua apron nikamfunga mwenyewe kiunoni, mimi ambaye sikuwahi kumgusa mzee yule bila ruhusa.

"Mimi nitakuonjea," nikamwambia. "Wewe utaniuliza, mimi nitajibu. Ulimi wangu ni wako. Lakini na wewe utakula nitakachokupikia."

"Utanipikia nini wewe?"

"Kobla."

Akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na nilijua ananicheka mimi. Lakini apron hakuivua.

Ikaanza kazi. Kila Jumamosi mabakuli mawili, moja la Bwana, moja la Mzee Anaeli, na Jumapili asubuhi vichupa viwili vinanihukumu. Nilikosea kwa kila namna. Memsaab alinipa vile vidonge vidogo vyeupe vya kutia utamu bila sukari. Nikavitia ndani ya matunda kabla ya kuoka, vikageuka vichungu kama mwarobaini. Jueni hilo: vile havipikwi, vinasagwa na kunyunyizwa mwishoni, chakula kikishatoka motoni. Nikajaribu unga wa ndizi mbichi peke yake, nikatoa kitu kigumu cha rangi ya saruji. Mzee Anaeli alikigonga kwa kijiko.

"Hiki siyo hata cha kuku," akasema. "Usiwatese ndege wa watu."

Polepole nikaelewa. Nilikuwa natafuta kitu cha kuweka mahali pa sukari, na hapakuwa na kitu. Ilibidi nianze upya na tunda lenyewe. Kwa hiyo sikilizeni, aliye na kalamu aandike. Chagua plamu zilizoiva lakini bado ngumu kidogo karibu na kokwa, zile za kupondeka ziachie ndege. Kata nusu, toa kokwa, changanya na mapera machache yaliyokwaruzwa mbegu. Ziweke peke yake kwenye oveni kwanza, bila kifuniko, mpaka maji yake yapungue na pembe zianze kuwa nyeusi. Hapo tunda linatoa utamu wake lenyewe, na ule ni wa kutosha mtu mwenye subira. Tia mdalasini, na usiuonee huruma. Mdalasini na iliki vinaudanganya ulimi, unadhani umeonja sukari kumbe ni harufu. Tia ganda la limau lililokwaruzwa na chumvi kidogo sana, kiasi cha kubana kwa vidole viwili.

Unga uwe wa ngano isiyokobolewa, nusu yake shayiri ile ya uji. Siagi kijiko kimoja. Ukande kwa maziwa mgando na magadi kidogo ya kuumulia, kwa ncha za vidole, upesi, kama unayeogopa kuugusa. Na usiyazike matunda! Mafungu madogo manne basi, mahali palipobaki paache wazi. Unga ndio unaowaletea wenye sukari matatizo kuliko mnavyodhani, hata usiokuwa mtamu. Gawa bakuli kwa watu wanne, mgonjwa ale fungu moja, baada ya chakula, siyo kabla. Kama huna oveni, chukua sufuria nzito, weka mchanga chini, bakuli juu yake, funika, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mimi nimeoka hivyo Kikwe mara nyingi. Na dawa zako za hospitali meza kama ulivyoambiwa, maana kobla ni chakula, haijawahi kuwa dawa, na mimi nilishatosheka na vyakula vinavyoitwa dawa.

Muda? Imba. Wimbo ni ule ule, mara tano. Mzee Anaeli nguvu zilipoanza kumrudia, beti nazo zilirudi. Kwanza alifika wa nne, halafu wa tano. Siku aliyomaliza mara zote tano na kurudia ubeti wa mwisho bila kutoka nje, mtunza bustani alipiga makofi huko nje, naye hakujua anapigia nini.

Rangi zilishuka pia, tofali, manjano, kijani. Na kila Jumamosi nilimpa fungu lake, naye alikula amesimama, hadi mwisho, akakwangua, akasema, "Ya kuku." Kila Jumamosi! Mwaka na zaidi. Nilikuwa nakasirika, nasema huyu mzee hana shukrani, lakini najiona Ijumaa naokota plamu moja moja.

Alipoacha kazi, Bwana na Memsaab walimpa kitambaa cha meza cha zamani, kile cheupe chenye maua pembeni alichokuwa akikipiga pasi. Akarudi Kikwe. Mimi sasa ndiye niliyekuwa mpishi mkuu, na Memsaab aliniruhusu kuchukua kichupa na maji ya buluu. Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kwake, bakuli la kobla limefungwa kwenye kanga ya bibi yenu. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Umechelewa." Tukapima. Nilichemsha, nikasubiri, nikachemsha tena kwa sababu sikuamini. Buluu. Buluu ya mbingu, haina hata doa. Alininyang'anya kichupa akatoka nacho nje, akaanza kuwaonyesha watu waliokuwa wanatoka kanisani, wazee kwa akina mama, "Tazameni! Tazameni!" Hakuna aliyejua ni nini. Wakampongeza hivyo hivyo.

Alirudi ndani anahema. Nikamkatia fungu lake, nikampa bakuli na kijiko kama siku zote. Akaonja. Akatafuna taratibu. Akaonja tena. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia yale yale.

"Ipeleke mezani," akasema.

Nilisimama kama mjinga. "Mezani kwa nani, Mzee? Hii si ya mtu. Ni yako."

Akatazama meza yake, ilikuwa na sufuria, taa na kitabu cha nyimbo juu yake.

"Basi nitandikie."

Nikaondoa vitu vyote. Nikakitoa kitambaa cheupe sandukuni, nikakitandaza, nikalainisha mikunjo kwa kiganja. Hakuwa na uma, nikaweka kijiko na kisu. Leso yangu safi nikaikunja pembe tatu. Nikamvutia kiti, akaketi, mgongo wima, mikono magotini, hajui aiweke wapi. Nikamhudumia kutoka kushoto, kama alivyonifundisha. Kisha nikarudi hatua mbili, nikasimama nyuma yake, taulo kwenye mkono.

Alikula kijiko cha kwanza. Kisha akakiweka chini, bila kugeuka, akasukuma kiti cha pili kwa mguu.

"Elisante. Nani amekuambia usimame?"

Nikaenda kutafuta kijiko cha pili.